Diski ya nje ya bakapu ya nyumbani

Mkuu, hiyo diski ya nje ya TB 16 (terabaiti, kipimo cha ukubwa wa kuhifadhi) unayouliza, ya shilingi elfu hamsini, achana nayo kabisa, ni feki, ndani unakuta kamemori kadi kadogo kamechezewa kaonyeshe ukubwa wa uongo, unakopi picha zote vizuri tu halafu siku ya kuzihitaji hazifunguki. Chukua ya kampuni ya WD au Seagate, TB 1 au 2, duka lenye risiti na waranti, hapo Dodoma mjini yapo, ukifika nyumbani ipime na H2testw, programu ya kompyuta inayoijaza diski kuona kama ukubwa wake ni wa kweli. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka ndani) inavumilia zaidi kudondoka ila kwa bakapu hata diski ya kawaida ya kuzunguka inatosha, usiisogeze tu ikiwa inafanya kazi. Ukimaliza kukopi chomoa, umeme wetu huu unaujua. Na picha za watoto nakusihi sana weka nakala ya pili kwa ndugu yako hata Singida huko.