Seli za mtoto aliyekwisha kuzaliwa zinaelezaje yaliyotokea tumboni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung, yaani mwisho wa utumbo wake haukuwa na neva, akakatwa sehemu ya utumbo mpana. Mimi nasoma biolojia chuoni, na nimejifunza kuwa watafiti huchukua damu ya wagonjwa kama yeye na kuigeuza seli shina, yaani seli zinazoweza kuwa za aina yoyote. Kwa nini wasichunguze kile kipande kilichokatwa? Na seli za mtoto aliyekwisha kuzaliwa zitaelezaje jambo lililotokea tumboni mwa mama?

JIBU: Marahaba. Mpe pole dada yako. Natumaini mtoto anaendelea vyema.

Kipande kilichokatwa huchunguzwa, tena kwa makini, maana ndicho kinachothibitisha kwamba seli za neva hazimo. Tatizo ni kwamba kinaonyesha kutokuwapo tu. Ni kama nyumba ambayo wageni hawakufika: ukiingia utaona viti vitupu, lakini hutajua wamekwama wapi njiani. Neva za utumbo hutokana na seli zinazoanzia karibu na shingo ya kiinitete, zikaingia kwenye utumbo na kuteremka hadi mwisho wake kufikia wiki ya 7 hivi ya mimba. Kwa mtoto 1 kati ya takriban 5,000, haziufikii mwisho huo. Anapozaliwa, safari imekwisha zamani.

Kilichobaki ni jeni zake, na hizo zimo hata kwenye damu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, huko Japani, waliingiza jeni 4 katika seli za panya zilizokomaa, nazo zikarudi katika hali ya awali, ya kuweza kuwa seli ya aina yoyote. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Kwa hiyo tunaweza kuirudisha seli ya mgonjwa mwanzo, tukaipa vichocheo kwa mpangilio ule wa kiinitete, na kuitazama safari ikianza upya. Kipimo kimoja cha safari hiyo ni chepesi mno: unakwangua mstari kwenye sahani iliyojaa seli, kisha unapima zinachukua muda gani kuuziba.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Seli za mgonjwa zikienda polepole kuliko za mtu mwenye afya, bado hujathibitisha kitu, maana watu wawili hutofautiana kwa mengi. Linganisha seli za mgonjwa na seli zake mwenyewe zilizorekebishwa kosa moja tu la jeni. Watafiti wa Hong Kong walifanya hivyo mwaka 2017 kwa kosa la jeni ya RET, mojawapo ya jeni zinazohusika na ugonjwa huu, na seli zikaweza tena kusafiri na kugeuka neva. Binafsi sizithamini sana tafiti zisizo na ulinganisho huo.

Mwaka huohuo wenzao wa Cincinnati, Marekani, waliunganisha seli za aina hiyo, zinazozaa neva, na vijiutumbo (vipande vidogo vya utumbo) vilivyooteshwa maabarani, navyo vikaanza kujikunja na kujikunjua. Vijiutumbo hivi hufanana na utumbo wa kijusi kuliko wa mtu mzima, jambo linalowaudhi wanaochunguza magonjwa ya uzeeni; kwetu sisi ndiyo faida yenyewe.

Ila mwambie dada yako hii bado ni njia ya kuchunguza, si tiba. Akitokea mtu wa kumuuzia sindano ya seli shina kwa ajili ya mtoto, tafadhali amkatalie.