Jibu: Rekodi za hebaria za mbaruti wa Sacramento

Ndugu, umeuliza kama rekodi za zamani za hebaria (mkusanyo wa sampuli za mimea iliyokaushwa) zinatosha kuonyesha kuwa mbaruti wa milima ya Sacramento, New Mexico, Marekani (Cirsium vinaceum, mmea wenye miiba), bado upo kwenye korongo fulani. Hazitoshi. Sampuli iliyokaushwa inathibitisha tu kwamba mmea ulikuwepo siku ile. Huota kwenye chemchemi zenye chokaa. Chemchemi ikikauka, nao hutoweka. Soma lebo yenyewe: tarehe, mwinuko, jina la korongo. Nukta ya ramani isikupoteze, kwani mahali halisi pa mimea adimu mara nyingi hufichwa, na huu unalindwa kisheria tangu 1987. Ukiukuta, tafadhali piga picha tu. Fukusi walioletwa kudhibiti mibaruti ya kigeni tayari wanashambulia maua yake.