Mambo ya sasa kwenye mtihani: panga daftari kwa masuala, si kwa tarehe

Kuna mtahiniwa anayesoma habari mwaka mzima bila kukosa siku, halafu swali la mambo ya sasa linamkwamisha. Mara nyingi tatizo si uvivu. Amehifadhi matukio, na mtihani umeuliza masuala. Kuzinduliwa kwa bwawa ni tukio. Nani ana haki gani juu ya maji ya mto unaopita nchi kadhaa, kwa mkataba upi, na nani hajautia saini, hilo ndilo suala. Tukio litatajwa kwenye mstari wa kwanza wa swali, na alama zote zitakuwa kwenye mistari inayofuata.

Ndiyo maana daftari lililopangwa kwa tarehe halifai. Wiki chache za mwanzo linapendeza, kisha habari ya Machi na mwendelezo wake wa Septemba zinakaa kurasa 60 mbali na hazikutani tena. Tumia karatasi za kuchomoa kwenye faili, karatasi moja kwa suala moja. Masuala 40 hadi 50 yanatosha kubeba utawala, maendeleo, rasilimali na teknolojia kwa mwaka. Yakizidi sana hapo, chunguza: kuna suala umeliandika mara mbili kwa majina tofauti.

Kila karatasi iwe na vitu vitano. Kilichotokea, kwa sentensi moja. Mzizi wake, yaani sheria, mkataba au taasisi. Takwimu mbili au tatu, kila moja na mwaka wake. Wanaovutana, na kila upande unadai nini. Mwisho, kilichobaki bila ufumbuzi. Hicho cha tano wengi hukiacha wazi, nacho ndicho kinachotenganisha jibu la wastani na jibu zuri.

Tuchukue bwawa la GERD (kifupisho cha Kiingereza cha Bwawa Kuu la Mwamko wa Ethiopia), lililojengwa kwenye Nile ya Buluu. Kilichotokea: ujenzi ulianza 2011, uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 9 Septemba 2025. Kwenye mzizi ndipo pa kukaa zaidi. Kuna makubaliano ya 1929 yaliyofanywa na Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, pamoja na Misri. Kuna mkataba wa 1959 kati ya Misri na Sudan, uliozigawia nchi hizo mita za ujazo bilioni 55.5 na bilioni 18.5 kwa mwaka. Ethiopia haimo kwenye mkataba huo, ingawa sehemu kubwa ya maji hutoka kwenye milima yake. Kuna Azimio la Misingi ambalo nchi zote tatu zilitia saini Khartoum mwezi Machi 2015. Na kuna Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, uliofunguliwa kwa saini Entebbe mwaka 2010 ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje.

Takwimu ni mbili tu: ziwa la bwawa hubeba mita za ujazo zipatazo bilioni 74, na mitambo ina uwezo wa megawati 5,150. Wanaovutana: Ethiopia inadai haki ya kujiendeleza na kupata umeme, Misri, inayotegemea Nile kwa karibu maji yake yote matamu, inataka makubaliano yanayofunga kisheria, Sudan inanufaika mafuriko na tope vikipungua, lakini ina hofu na usalama wa mabwawa yake endapo maji yatafunguliwa bila taarifa. Kilichobaki: kiasi gani kiachiwe ukame ukidumu miaka kadhaa mfululizo, takwimu za maji zigawanwe vipi, na nani aamue mgogoro ukizuka.

Karatasi hiyo moja inajibu swali la utawala (je, nchi huru inafungwa na mkataba wa kikoloni?), la maendeleo (Ethiopia iligharimia ujenzi kwa sehemu kubwa kwa fedha za ndani, zikiwemo hati fungani walizonunua wananchi wake), na la rasilimali. Hata la teknolojia linapata hoja, kwa kuwa picha za setilaiti huonyesha kiwango cha ziwa hata upande mmoja ukigoma kutoa takwimu. Habari nne tofauti zilizosomwa juujuu zisingefika hapo.

Sasa mikataba, maana hapa alama hupotea kizembe. Mkataba hupitishwa, husainiwa, huridhiwa, kisha huanza kutumika. Hizo ni hatua nne na mara nyingi ni tarehe nne. Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi ulipitishwa tarehe 12 Desemba 2015, ukafunguliwa kwa saini Aprili 2016, ukaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2016. Huo ulikwenda mbio. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi ulipitishwa Juni 2014, ukasubiri nchi 15 ziuridhie, na ulianza kutumika Juni 2023. Anayeandika kwamba ulinzi wa taarifa binafsi chini ya mkataba huo umekuwa sheria tangu 2014 amekosea miaka tisa, na swali la kuchagua jibu litamnasa papo hapo. Sheria za ndani ya nchi au jumuiya nazo zina mtego wake: nyingine huanza kwa awamu. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2024, lakini makatazo yake ya kwanza yalianza tarehe 2 Februari 2025, na wajibu wa watengenezaji wa modeli za matumizi ya jumla, yaani zinazofanya kazi za aina nyingi, tarehe 2 Agosti 2025. Kwenye karatasi andika kitenzi kamili kando ya kila tarehe. Tarehe isiyo na kitenzi haina kazi.

Kwenye takwimu, makosa karibu yote yanaingia kwenye makundi machache, na ukiyajua utayaona hata magazetini.

La kwanza ni kuchanganya alama na nafasi. Kipimo cha mtazamo wa rushwa cha Transparency International, shirika la kimataifa linalopinga rushwa, hutoa alama kutoka 0 hadi 100, na 100 ndiyo safi zaidi. Nchi inaweza kushuka nafasi tano alama yake ikiwa ileile, kwa sababu nyingine zimepanda au zimeongezwa kwenye orodha. Kumbuka pia kwamba kinachopimwa ni mtazamo wa wataalamu na wafanyabiashara kuhusu sekta ya umma, si idadi ya rushwa zilizotolewa. Vichwa vya habari hupenda nafasi. Jibu lako litaje alama.

La pili ni mwaka. Ripoti ya Maendeleo ya Watu ya UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) ya 2025 ina takwimu za 2023. Ukiandika kwamba mwaka 2025 nchi fulani ilikuwa na kiwango fulani, umekosea kwa miaka miwili. Afadhali uandike "kwa takwimu za 2023". Kipimo cha maendeleo ya watu kilichomo humo hukaa kati ya 0 na 1 na huunganisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Hakipimi demokrasia wala mazingira, ingawa watahiniwa hukibebesha vyote hivyo.

La tatu ni mstari wa kipimo kusogezwa. Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa siku, kwa kutumia uwiano mpya wa bei. Idadi ya maskini duniani ikaongezeka kwenye karatasi bila mtu yeyote kupoteza mlo usiku ule. Usilinganishe takwimu ya kabla na ya baada bila kusema hivyo.

La nne ni la rasilimali. Akiba ya ardhini, uchimbaji na usafishaji ni vitu vitatu. Chile ina akiba kubwa zaidi ya lithiamu iliyothibitishwa, lakini anayechimba kwa wingi zaidi ni Australia. Kobalti nyingi huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaidi ya nusu ya uchimbaji wa dunia, na nyingi husafishwa China. Swali la "kwa nini mwenye madini hanufaiki" linajibiwa kwenye pengo hilo la kati, kwa hiyo anayeandika "Kongo ina kobalti nyingi" na kuishia hapo hajagusa swali.

La tano ni umeme. Megawati ni uwezo wa mitambo. Megawati-saa ni nishati iliyozalishwa. Mwaka una saa 8,760, hivyo megawati 5,150 zikifanya kazi bila kupumzika zingetoa kwa mwaka zaidi ya gigawati-saa 45,000 (gigawati-saa moja ni megawati-saa 1,000). Bwawa halifanyi hivyo, maji hayaji kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Hesabu ya mstari mmoja kama hiyo ndani ya jibu ina uzito kuliko aya nzima ya sifa. Na asilimia: kutoka asilimia 20 hadi 25 ni pointi 5 za asilimia, lakini ni ongezeko la asilimia 25.

Kuhusu teknolojia, usihangaike na majina ya vifaa vipya. Swali karibu daima ni la utawala lililovaa nguo za teknolojia: nani anawajibika mfumo ukikosea, taarifa za watu zinakaa wapi, nani ameachwa nje kwa kukosa simu au kitambulisho, na umeme na maji ya kupoza mitambo vinatoka wapi. Kila habari ya teknolojia ipitishe kwenye maswali hayo manne, uende zako.

Wakati wa kuandika jibu la maneno 250, anza na mzizi, si na maana ya "utawala bora". Takwimu mbili zinatosha. Taja hoja ya upande unaoupinga kwa nguvu yake halisi. Ukipendekeza hatua, itaje taasisi na kifungu au kazi inayoihusu, kwani "serikali iongeze uhamasishaji" limeandikwa na kila mtu ukumbini.

Dakika 45 kwa siku zinatosha: 25 za kusoma, 15 za kujaza karatasi, 5 za kufunika karatasi ya jana na kutaja vitu vyake vitano bila kuchungulia. Mikataba iandike kwa wino, takwimu kwa penseli, maana ripoti mpya ikitoka utafuta namba na mwaka wake kwa pamoja. Mitihani mingi ya maandishi hutungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mwezi wa mwisho acha kufungua karatasi mpya. Habari za wiki hizo zihifadhi kwa ajili ya usaili.