Jibu: Ahadi za harambee hazilipwi, upanuzi wa kanisa umesimama

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Umesema waumini wamekuwa wengi hadi wanasali nje chini ya turubai, harambee mkafanya, ahadi zikaandikwa nyingi, lakini ujenzi umekwama kwenye msingi kwa sababu watu hawalipi.

Nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi, yakatukuta hayohayo. Anzeni na daftari la ahadi. Letu lilikuwa na mistari kama "mama wa duka la kona, 200,000", bila jumuiya (kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja) wala simu. Tungemdai nani? Tuliliandika upya kwa kufuata jumuiya ndogondogo, wenyeviti wakafuatilia kwenye sala za wiki, watu wakapunguza hata 5,000 kwa 5,000. Aliyeleta mfuko wa saruji alipewa stakabadhi vilevile.

Mapato na matumizi bandikeni mlangoni kila Jumapili. Fedha ya ujenzi isilipe hata deni la umeme: kanuni ya 1267 ya Sheria za Kanisa Katoliki inataka sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu.

Na kibali cha askofu cha maandishi mnacho? Kama bado, msinunue hata nondo moja.