Fonti za terminali: anza na fc-match kabla hujagusa kingine

Mtu akiniambia maandishi ya terminali yake ya Linux yanaonekana vibaya, cha kwanza namwambia aandike fc-match monospace (yaani fonti yenye herufi za upana sawa) asome jibu. Hapo ndo unajua mfumo unatumia fonti gani kweli, manake unaweza ukaandika jina la fonti kwenye setingi, ukakosea herufi moja tu, na fontconfig, ile inayochagulia programu fonti kwenye mfumo, wala hailalamiki, inakuchagulia nyingine kimya kimya, we unabaki unashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo jina usilibahatishe, andika fc-list : family ulikopi lilivyo.

Fonti mpya mi naziweka ~/.local/share/fonts, napiga fc-cache -f, basi, huhitaji hata kuwa root, yaani msimamizi wa mfumo.

Sasa vile viboksi vitupu. Wengi wakiviona wanabadilisha fonti nzima, na mi naona sio lazima kabisa. Kiboksi maana yake alama hiyo haijapatikana kwenye fonti zilizopo, so tafuta nani anayo: fc-list :charset=e0b0 inakutolea fonti zote zenye ile pembetatu ya Powerline (inayopamba mstari wa amri), na ukiweka kodi nyingine ya Unicode hapo unatafuta alama yoyote unayotaka. Isipopatikana hata moja weka Symbols Nerd Font Mono, hiyo imebeba alama tu, kisha kwenye ~/.config/fontconfig/fonts.conf panga foleni ya monospace, yaani DejaVu Sans Mono au fonti yoyote uliyoizoea itangulie halafu hiyo ya alama ifuate. Herufi zako zinabaki vilevile na programu zinazofuata fontconfig zinarekebishika kwa mpigo mmoja, badala ya kuhangaika na setingi za kila moja.

xterm, terminali moja ya zamani, yenyewe inasoma ~/.Xresources, andika XTerm*faceName: monospace na XTerm*faceSize: 11, piga xrdb -merge ~/.Xresources, ufungue dirisha jipya, yaliyo wazi hayabadiliki.

Na kwa wapenzi wa fonti za bitmap (zilizochorwa kwa nukta) kama Terminus, jueni kwamba Pango, maktaba inayochora maandishi kwenye programu za GNOME, iliacha kusoma faili zake za aina ya BDF na PCF toka toleo la 1.44 mwaka 2019, so zikipotea kwenye GNOME Terminal hujaharibu kitu, tafuta faili za OTB, aina nyingine ya faili za bitmap, za fonti hiyohiyo.

Kuchagua fonti sasa, andika 0O 1lI kwa saizi ileile unayofanyia kazi, usipozitofautisha papo hapo achana nayo hata iwe nzuri vipi.