Muulize Mfamasia: Dawa ya damu haipimwi kwa kijiko cha chai

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu dawa ya maji ya kuongeza damu. Nimechagua nne. Majina nimeyaacha, kama wenyewe mlivyoomba.

Shikamoo mama. Mwanangu ana mwaka na miezi tisa, kilo kumi. Alipimwa wekundu wa damu ukakutwa 8.4, daktari akamwandikia dawa ya maji ya madini ya chuma. Kikombe cha kupimia kimepotea, natumia kijiko cha chai. Namchanganyia kwenye uji wa maziwa kwa sababu haipendi ladha yake. Sasa choo kimekuwa cheusi na meno ya mbele yameanza weusi. Mama mkwe anasema dawa imemzidi, niache. Niache? (Mama wa mtoto mmoja, Pasua, Moshi)

Marahaba mwanangu. Usiache. Choo cheusi kisikutishe, maana si chuma chote kinachoingia mwilini; kinachobaki ndicho kinachotoka na rangi hiyo. Cha kukutoa mbio ni choo kinachonata kama lami na kunuka isivyo kawaida, au chenye damu. Hicho ni cha hospitali siku hiyohiyo. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa adabu.

Kilichonishtua mimi ni kijiko. Vijiko vya nyumbani havilingani, hata vya seti moja ukivijaza mara mbili hupati kiasi kile kile. Nenda famasi yoyote uombe bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yake. Ni vitu vya bei ndogo sana. Halafu chukua boksi la dawa tusome pamoja.

Jina kubwa la mbele liache. Geuza, tafuta maandishi madogo yanayotaja kiasi cha chuma chenyewe. Uzito wa dawa nzima ni kitu kimoja na chuma kilichomo ni kitu kingine: kidonge cha feras salfeti, aina moja ya dawa ya chuma, cha miligramu 200 kina chuma kama miligramu 65 tu. Kisha angalia chuma hicho kimo katika mililita ngapi. Rafuni kwangu ziko boksi mbili zimepangwa pamoja, zote zimeandikwa 50. Moja ni miligramu 50 katika mililita 5, sirapu. Nyingine ni miligramu 50 katika mililita 1, ya matone. Mama aliyezoea sirapu akiikosa, akapewa ya matone na kuendelea kujaza kipimo chake cha zamani, mtoto anapata mara tano ya alichoandikiwa.

Mtoto mwenye upungufu kwa kawaida hupewa miligramu 3 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wapo madaktari wanaopandisha hadi 6. Wako wa kilo kumi, kwa hesabu ya 3, ni miligramu 30. Kwenye ile sirapu hiyo ni mililita 3. Kwenye matone ni mililita 0.6, yaani hata mililita moja haifiki. Linganisha na cheti cha daktari. Vikipishana sana, rudi ukamuulize kabla ya kumnywesha, usijirekebishie mwenyewe.

Uji wa maziwa, hapana. Kalisiamu ya maziwa inazuia chuma kisifyonzwe, na akibakiza nusu bakuli hujui dawa imebaki kiasi gani. Mpe dawa peke yake, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kisha chungwa au pera, kwa kuwa vitamini C inakisaidia chuma kuingia. Tumbo likimkataa, mpe na chakula kidogo kisicho na maziwa. Na chai? Hapa kwetu mtoto wa umri huo utamkuta na kikombe cha chai ya maziwa asubuhi na jioni, na wageni wanamsifu anavyoimaliza. Majani ya chai yanashika chuma, maziwa yanamalizia kazi. Miezi hii mwachie maji.

Kuhusu meno, tatizo ni namna ya kumnywesha. Mpakate akiwa amekaa wima. Pitisha ncha ya bomba pembeni, kati ya shavu na fizi, ielekee nyuma, usukume kidogo kidogo akimeza, asije akapaliwa. Ukimwaga mbele, meno yanaoga dawa. Mpe maji, kisha mswaki. Weusi huu umekaa juu ya jino tu, na daktari wa meno anaweza kuusafisha. Msiuchanganye na ile kahawia ya meno ya ndugu zetu wa Arumeru, ambayo ni floraidi ya maji iliyoingia jinoni likiwa bado linakua. Ile hata usugue vipi haitoki.

Arudishwe kupimwa wekundu wa damu baada ya wiki nne hivi. Kwa umri wake tunataka gramu 11 kwa desilita kwenda juu, ila hata ukipanda kwa gramu 1 tayari dawa inafanya kazi. Ukishafika pazuri, usimwage kilichobaki: kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi kama mitatu ili akiba ya mwilini ijae. Wengi huacha hapo kwa sababu mtoto ameanza kukimbia na kuvunja vikombe, na miezi michache baadaye tunaonana tena kaunta.

Kuna jambo sikuliona kwenye barua yako. Je, amepimwa sikoseli, na amepewa dawa ya minyoo? Mwenye sikoseli hapewi chuma kwa kubahatisha, kwa sababu damu yake inaweza kuwa ndogo na chuma kikawa kingi. Tena Pasua hamko mbali na mashamba ya mpunga ya Mabogini, kwa hiyo neti kila usiku, na homa yoyote ipimwe malaria. Utafiti wa Pemba uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba pale penye malaria nyingi, watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kuchaguliwa waliugua vibaya hadi kulazwa au kufa kwa wingi zaidi ya wasiopewa. Lakini wale waliopimwa wakakutwa na upungufu wa kweli, na malaria yao ikatibiwa, walinufaika. Wako amepimwa, anaihitaji. Mtoto wa jirani aliyepauka macho tu usimgawie.

Chupa iwekwe juu, ndani ya kabati linalofungwa, isikae kando ya sukari. Fanya hesabu: chupa ya mililita 100 ya miligramu 50 kwa 5 ina miligramu 1,000 za chuma. Mtoto wako akinywa nusu yake, ni miligramu 50 kwa kila kilo. Kwa chuma cha aina ya feras, sumu huanzia 20, na kwenye 60 tunaongelea kifo. Na kiwanda kimeitia ladha ya stroberi! Ikitokea amekunywa, kimbieni hospitali na chupa mkononi, hata kama anacheza. Anaweza kutapika na kuharisha, kisha akatulia kwa saa kadhaa mkadhani yamekwisha, kumbe ini linaharibika. Msimtapishe. Maziwa mnayoyakimbilia na unga wa mkaa havimsaidii.

Habari dada. Nina miaka 54. Nikipanda kilima kurudi nyumbani napumzika njiani, kitu ambacho sikuwa nacho. Maabara wamenipima, wekundu 9.2. Nimenunua dawa ya damu ya maji, nashushia na juisi ya rozela na bitiruti. Nikienda kwetu Kibosho nakula kisusio, ile supu ya damu na nyama. Mgongo nautuliza kwa diklofenaki. Niongeze kipimo? (Baba wa Kijenge, Arusha)

Kaka yangu, usiongeze kitu. Mwanaume mzima anatakiwa awe na 13 kwenda juu. Huna hedhi, hujazaa. Hiyo damu imekwenda wapi?

Jibu huenda liko kwenye sentensi yako kuhusu mgongo, uliyoiandika kama kitu kidogo. Diklofenaki ya mara kwa mara inachubua tumbo, na kidonda kinaweza kuvuja kimyakimya bila maumivu makali. Kwa umri wako kuna pia uvimbe wa utumbo wa kuondolewa wasiwasi, na minyoo ya safura kama unalima pekupeku. Ubaya wa kuanza dawa ya chuma kabla ya kuchunguzwa ni kwamba sasa choo chako kitakuwa cheusi kwa vyovyote, na daktari akikuuliza hutajua kipi ni cha dawa na kipi ni damu. Kumbuka kilikuwaje kabla ya chupa ya kwanza, ukamwambie. Nenda hospitali ya mkoa, Mount Meru, wiki hii, na usifiche diklofenaki. Wakikwambia umeze kamera, meza. Ukitapika damu, au ukizungukwa na kizunguzungu hadi kuanguka, usisubiri foleni ya asubuhi.

Rozela ni nzuri kwa kiu. Wekundu wake ni rangi tu, na bitiruti haifikishi hata miligramu 1 ya chuma katika gramu 100. Kisusio hicho sawa, wazee walijua walichofanya: chuma cha damu na nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha majani. Ila huwezi kujaza pipa ambalo hujatafuta linapovujia.

Shikamoo. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Arusha, hedhi yangu ni nzito. Nikinywa sirapu ya chuma nataka kutapika, na choo kinakuwa kigumu. Naruhusiwa kuichanganya na soda? (Binti, Sakina)

Marahaba binti. Ichanganye na maji au juisi ya chungwa, unywe kwa mrija upite nyuma ya meno. Muulize daktari wako kama unaweza kunywa siku moja na kuruka moja: utafiti wa Uswisi wa mwaka 2017 ulikuta wanawake wenye akiba ndogo ya chuma walifyonza vizuri zaidi hivyo kuliko kila siku, kwa sababu baada ya dozi ini hutoa hepsidini, homoni inayozuia chuma kingine kwa karibu siku nzima. Choo kigumu ni maji, mapapai na mboga. Na hiyo hedhi nayo itibiwe, usiizoee.

Nina mimba ya miezi mitano na natumia ARV, kile kidonge kimoja cha usiku. Nimenunua na dawa ya damu ya maji. Nesi alikuwa na watu wengi, niliona aibu kuuliza. (Msomaji, Moshi)

Usione aibu, dada, hili hata wenye kazi yao hulisahau. Kidonge chako kikiwa na dolutegravir, mojawapo ya dawa za virusi, chuma kikikutana nacho tumboni ukiwa na njaa kinakishika, na dawa ya virusi inaingia pungufu. Una njia mbili: vinywe vyote pamoja ukiwa na chakula, au kidonge kitangulie saa mbili kabla ya chuma, ama kifuate saa sita baada yake. Kidonge cha ARV usikiruke kwa ajili ya chuma. Kliniki pia huwa wanatoa vidonge vya chuma na foliki. Kama unavyo, usiongezee sirapu juu yake mpaka nesi aone vyote viwili. Vitie kwenye mfuko, umwekee mezani.