Bonaire: Mtungi Mgongoni, Bahari Mlangoni

Tangu niseme kwamba mpiga mbizi mwenye wiki moja ya likizo na nauli ya kumfikisha Karibi ningempeleka Bonaire, barua hazijakoma. Bonaire ni kisiwa kidogo kilicho chini ya Uholanzi, kilomita 80 hivi kutoka pwani ya Venezuela. Leo najibu zile zinazogusa watu wengi.

Mwalimu, shikamoo. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi wa nane. Sote tuna vyeti vya daraja la kwanza, tulivichukulia Diani. Kwenye picha visiwa vyote vya Karibi vinafanana. Kwa nini Bonaire? (Msomaji, Houston)

Marahaba, na hongereni sana. Jibu langu ni ufuko. Kule Diani mlipanda boti, mkavuka mwamba, mkazama saa aliyopanga nahodha. Bonaire, upande wa magharibi uliokingwa na upepo, mwamba umesogea hadi karibu na nchi kavu. Unaingia majini kwa miguu, unaogelea dakika chache, na mteremko wa matumbawe unaanza chini yako. Barabara inafuata pwani, na kila mahali pa kuzamia pana jiwe lililopakwa rangi ya njano na kuandikwa jina. Ukijumlisha na maeneo ya Klein Bonaire, kisiwa kidogo kilicho mkabala ambacho hufikiwa kwa boti, sehemu zilizowekwa alama zinazidi 80. Hoteli nyingi huuza chumba, gari la pikapu na mitungi ya hewa kwa bei moja. Mnapakia mitungi nyuma ya gari, mnasimama mnapopapenda. Mkitaka kuzama saa kumi na mbili asubuhi kabla ya chai, hakuna wa kuwauliza.

Hapo ndipo penye kazi. Hakuna wa kuwauliza, na hakuna wa kuwahesabu mkitoka. Diani kiongozi wenu ndiye aliyetazama geji zenu. Bonaire mtatazamana wenyewe. Kabla ya kuingia, semaneni: kina gani, dakika ngapi, tunageuka lini. Mtungi wa mmoja wenu, yeyote yule, ukishuka hadi bar 100, yaani karibu nusu ya hewa, wote wawili mnageuka. Anzeni kwa kuogelea kinyume na mkondo ili uwarudishe mkiwa mmechoka. Vaeni viatu vya soli nene, maana sehemu nyingi mtaingilia kwenye vipande vya matumbawe makavu yanayoteleza. Na garini msiache kitu cha thamani hata kidogo. Wenyeji huacha milango bila kufungwa ili mwizi ajionee mwenyewe kwamba hakuna cha kuvunjia kioo.

Siku ya kwanza mtalipa ada ya hifadhi kwa STINAPA, taasisi inayosimamia hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1979. Kisha mtapewa maelezo na kufanya mbizi ya kwanza ya kujipima mbele ya hoteli au kituo chenu. Msiione kuwa ni usumbufu. Ndipo utakapogundua kwamba mkanda wa uzito wa kukuzamisha ulioutumia Diani haukutoshi tena. Kuhusu mwezi wa nane: ni msimu wa vimbunga, lakini Bonaire iko kusini ya njia yao ya kawaida. Haina kinga kamili, hata hivyo. Mwaka 1999 kimbunga Lenny kilisukuma mawimbi kutoka magharibi na kuyavunja matumbawe ya maji mafupi.

Sijawahi kupiga mbizi. Naogelea, ila si hodari. Nimeambiwa nitafundishwa hotelini kwa asubuhi moja. Inatosha? (Msomaji, Kigali)

Dada yangu, asubuhi moja inatosha kuonja tu. Utashikwa mkono na mwalimu, hamtapita mita 12, na utatoka na furaha tele lakini bila cheti. Kwa kuonja, ni sawa kabisa. Ukitaka kuyafuata yale mawe ya njano kwa uhuru wako, unahitaji kozi kamili, siku tatu au nne, yenye mbizi nne za baharini. Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kukimbizwa na saa, na kuelea dakika kumi.

Ushauri wangu: usitumie nusu ya likizo darasani. Soma nadharia na ufanye mazoezi ya bwawani huko huko nyumbani, uchukue barua ya mwalimu wako, kisha umalizie mbizi za baharini Bonaire. Zoezi lisisitize hasa la kuingiza maji kwenye barakoa na kuyatoa kwa pumzi ya pua. Wengi wanaotaharuki chini ya maji huanzia hapo, na hofu hiyo huisha kwa kurudiarudia mahali unapoweza kusimama. Fomu ya afya ijaze kwa ukweli: pumu, moyo, upasuaji, dawa unazotumia. Mwenye mimba hapigi mbizi, hata kidogo.

Masikio yangu huuma nikifika mita tatu. Wenzangu wananiambia nivumilie, yatazoea. (Kijana, Mombasa)

Usivumilie! Wanaokwambia hivyo wanakupotosha. Ukifika mita 10, mgandamizo juu ya mwili wako unakuwa mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo mabadiliko makubwa kabisa unayapitia katika mita zile za mwanzo. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio inasinyaa, na ngoma inavutwa ndani. Bana pua, pulizia polepole, na uanze kabla maumivu hayajaja: fanya juu ya maji, kisha kila nusu mita. Shuka miguu ikitangulia, ukishika kamba ukiweza. Ikigoma, panda mita moja, jaribu tena. Ikigoma kabisa, siku hiyo imeisha.

Mimi niliwahi kuzama Mnemba nikiwa na mafua kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Sikio liliziba wiki mbili, na mbizi zote zilizobaki zikanipita nikiwa nimekaa kwenye boti. Ukiwa na mafua, kaa ufukweni.

Tunataka kuzamia meli ya Hilma Hooker. Cheti changu ni cha mita 18, lakini rafiki yangu alifika hadi chini na cheti hichohicho, na hakupatwa na kitu. (Msomaji, Rotterdam)

Rafiki yako alibahatika, na bahati haiandikwi kwenye mpango wa mbizi. Hilma Hooker ilikuwa meli ya mizigo ya mita 72. Mwaka 1984 iliharibika ikavutwa hadi Kralendijk, mji mkuu wa Bonaire, na wakaguzi wakakuta bangi, zaidi ya tani 10, nyuma ya ukuta wa uongo. Wenye meli hawakujitokeza kuidai. Tarehe 12 Septemba mwaka huo ikazama, na leo imelala ubavu kwenye mchanga, mita 30 hivi chini ya maji, kati ya miamba miwili.

Sasa piga hesabu. Kwa mita 30 kila pumzi inakula hewa mara nne ya ile ya juu. Majedwali ya kawaida ya wapiga mbizi yanakupa dakika 20 hivi tu kabla hujalazimika kusimama njiani ukipanda. Na wengine hulewa nitrojeni, gesi iliyo kwenye hewa ya mtungi, katika kina hicho bila kujijua: anacheka, anatazama geji, haelewi anachokisoma. Una njia mbili za heshima. Chukua kozi ya daraja la pili, siku mbili hivi, uizamie meli ukiwa na haki nayo. Au elea juu yake kwa mita 18. Maji ya Bonaire huwa maangavu, na utauona ubavu wake wa juu wote umelala chini yako. Kuingia ndani ya meli ni mafunzo mengine kabisa, usiingie.

Kwa nini glavu zimekatazwa? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu mwenye glavu hushika. Mikono mitupu huogopa kukwaruzwa, basi mtu hujifunza kuelea vizuri badala ya kujishikiza kwenye tumbawe. Tumbawe ni mnyama hai mwenye ngozi laini, na mengi huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka. Safari hiyo pia chunguza mafuta yako ya kujikinga na jua: yenye oksibenzoni au oktinoksati hayaruhusiwi kuuzwa kisiwani.

Nimeona picha ya samaki wa Bonaire mwenye mapezi kama manyoya na mistari myekundu. Mbona huyu ni wa kwetu? (Mvuvi, Pemba)

Umemtambua sawasawa, kaka. Samaki-simba ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kule Karibi ni mvamizi. Inaaminika aliachiliwa na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Florida, akasambaa, na mwaka 2009 akaonekana Bonaire. Samaki wadogo wa huko hawamjui adui huyu, hawamkimbii, naye anawameza kwa wingi. Kuwinda kwa mkuki kumepigwa marufuku Bonaire tangu mwaka 1971, ila kwa huyu wameruhusu: unapewa mafunzo na mkuki mfupi maalumu, unajihadhari na miiba ya sumu, kisha nyama inapelekwa mkahawani. Ni nyeupe na tamu. Inanigusa kwamba samaki tunayempita Pemba bila kumjali ndiye anayewanyima usingizi watu wa upande wa pili wa dunia.

Nina visa ya Schengen. Inatosha? (Msomaji, Brussels)

Usichukulie kwamba inatosha. Bonaire haimo katika Schengen. Visiwa vya Uholanzi vya Karibi vina visa yake, pamoja na misamaha kwa wenye vibali fulani. Uliza ubalozi wa Uholanzi kwa pasi yako mwenyewe kabla hujalipia tiketi.

Naogopa mbizi ya usiku. Kuna nini hasa cha kuona? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kuna pono! Sisi tunaomwambia mtu ana usingizi wa pono, ni wangapi tumemwona pono mwenyewe amelala? Hujibanza kwenye ufa wa mwamba, na baadhi yao hujifunika utando wa ute kama chandarua. Mpite taratibu, usimmulike usoni. Anzia chini ya gati la hoteli, mahali ulipokwisha kuzama mchana, jua likiwa ndiyo kwanza linatua. Usishtuke samaki mkubwa wa rangi ya fedha akikupita begani: huyo ni taponi, amejifunza kuwinda kwa mwanga wa tochi za wapiga mbizi.

Ndege yetu inaondoka Jumapili saa nane mchana. Tunaweza kuzama Jumapili asubuhi? (Msomaji, Toronto)

Hapana. Nitrojeni iliyoingia mwilini kwa siku zote hizo inahitaji muda wa kutoka, na ndani ya ndege mgandamizo hushuka kama vile mmekwea mlima wa mita 2,000 au zaidi. Fikirini chupa ya soda inapofunguliwa. Mwongozo unaofuatwa sana ni saa 12 angalau baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Mimi huwataka wanafunzi wangu wakae saa 24. Maumivu ya viungo, ganzi, au uchovu usio wa kawaida baada ya mbizi si jambo la kulalia. Semeni mapema, mpewe oksijeni. Kralendijk kuna chumba cha mgandamizo cha kutibia maradhi hayo. Kateni bima ya wapiga mbizi kabla ya safari.

Basi Jumamosi mchana iwe kavu. Chukueni pikapu mwende kusini, kwenye mabwawa ya chumvi yenye heroe. Kando ya bahari mtaviona vibanda vya mawe, vilivyojengwa mnamo mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliochimba chumvi. Familia zao zilikuwa Rincon, kaskazini, mwendo wa saa saba kwa miguu, nao walirudi huko mwisho wa wiki. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1863. Mawe ya njano yaliyo jirani yana majina ya Red Slave na White Slave, na wapiga mbizi wengi husimama pale, huvaa, huzama, huondoka. Nyinyi shukeni bila mtungi. Mlango ni mfupi mno, mtu mzima haingii bila kuinama hadi kiunoni. Nendeni mapema na mbebe maji, maana kule kusini hakuna mti, na kivuli kilichopo ni kile cha ndani ya vibanda.